Maziwa Yasiyo na Mwenyewe

Gisenyi, Jumamosi, Novemba 1999

Mvua tangu alfajiri, na mimi nina hasira. Huzuni ilikuwa juzi. Leo ni hasira.

Kifua kimejaa. Nimekifunga kwa kitenge, maziwa yanapenya vilevile. Mwanangu alizaliwa Jumanne asubuhi, jioni akafa, na mwili wangu bado unamwandalia chakula.

Ninafundisha biolojia, kwa hiyo najua kinachotokea. Katika ujauzito, homoni ya kondo la nyuma huzibana jeni za maziwa. Kondo likitoka, zinaachiwa. Homoni nyingine, prolaktini, inabisha hodi kwenye utando wa seli za titi, ujumbe unapita ndani hadi kwenye kiini, jeni zinaamka. Seli hazijui kama mtoto yuko hai. Asiponyonya, prolaktini itapungua na jeni zitalala tena, polepole.

Nimewachorea wanafunzi haya yote kwa chaki za rangi. Hayanisaidii kitu.

Mchana akaingia Tantine Furaha, shangazi wa mume wangu, kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka. Kalowa chapachapa, kabeba themosi ya uji wa mtama, ule anaoletewa mzazi ili apate maziwa. Akaketi kitandani kwangu, akamimina kikombe.

"Kunywa yote, maziwa ikuje mingi. Na mutoto iko wapi? Mumulete nimubebe."

Nikamtazama mume wangu, Kizito. Akainamisha kichwa.

Hakuwaambia ndugu zake wa Goma.

Jumanne asubuhi alimpa mama mmoja mchuuzi habari avuke nayo mpaka: tumepata mvulana. Jioni hakumtuma mtu. Wachuuzi wanavuka kila siku, wanapita hapa mlangoni, naye kimya. Ikabidi niseme mimi, kikombe kikiwa mkononi. Tantine akanikumbatia akilia, na maziwa yakamlowesha hata yeye.

Alipoondoka nikamuuliza Kizito kwa nini. Akasema alitaka pawepo mahali ambapo mtoto bado yuko hai, hata kama ni Goma tu.

Nimemwelewa. Ndiyo maana nimekasirika zaidi, kwa sababu mimi sikuachiwa mahali kama hapo.

Kesho atavuka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, awaambie. Nimeshamwambia. Mwili wangu nitauvumilia hadi upate habari. Yeye anazo tangu Jumanne.