Sauti Nyuma ya Pazia

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mguu wa baba yako umepona? Mimi mzima, ila koo ndilo lilelile, bovu. Ukumbi umenipa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, niimbe soul na disko zangu zote za zamani. Njoo usimame nyuma ya pazia kama siku zile. Mimi nicheze mbele, wewe uimbe. Najua uliondoka na donge. Damu nzito kuliko maji, mama. Yaishe.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi, shikamoo.

Baba anatembea. Mimi mzima, sauti ndiyo nzima kabisa.

Miaka sita nilikuimbia gizani, wewe mbele na gauni la kumetameta. Nilipoomba wimbo mmoja tu kwa jina langu, ulimwambia prodyuza, nami nimesimama mlangoni: "Huyu? Huyu mwangwi tu. Nani anarekodi mwangwi?"

Kuimba siji. Kutazama nitakuja. Na nimeongea na mpiga kinanda: hatakushushia wimbo hata kidogo, atapiga palepale juu nilipokuwa naimba mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe koo litakuumbua.

Binti wa kaka yako

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nilikuona, umekunja mikono kama hakimu. Mpiga kinanda alikutii, mshenzi yule. Tulipofika pale juu koo likagoma, nikawageuzia watu kipaza sauti. Ukumbi mzima ukaimba! Ulitaka niaibike, nikashangiliwa. Mbona ulitoka kabla hatujamaliza? Au moshi wa jukwaani ulikuingia machoni?

Shangazi yako

9 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Afya yako sina haja ya kuuliza, niliiona.

Nilitoka kwa sababu niliwasikia. Wewe uliwasikia? Pale juu walikata pumzi katikati ya neno, kisha wakalimalizia puani. Hiyo ni pumu yangu, Shangazi. Kule nyuma ya pazia nilikuwa nakata hapo kwa sababu kifua kiligoma. Wewe hujawahi kuimba hivyo maishani mwako. Ukumbi mzima uliiga kifua changu ukidhani ni chako.

Jumamosi ijayo nimepewa ukumbi uleule. Pazia nimeagiza lishushwe, likunjwe, liondolewe kabisa. Nitaanza na wimbo huohuo. Nikifika pale juu nitakata pumzi, halafu ninyamaze kidogo, niwaangalie wanavyotazamana.

Binti wa kaka yako