Kiberiti cha Shangazi

Dada Nyamisi,

Salamu kutoka Mugango. Wiki ya pili naharisha, na usinune, maji ya ziwa nayachemsha. Mganga wa zahanati nilimweleza nilitolewa utumbo mpana, nikashonewa ndani kifuko cha kushikia choo kwa utumbo mwembamba. Alicheka akidhani namtania, mpaka alipoona kovu. Akasema huenda ni minyoo au amiba, nilete choo kwenye kisanduku cha kiberiti.

Nilikijaza, nikakiacha mezani. Shangazi unamjua: viberiti vimejaa madukani siku hizi, lakini yeye tangu miaka ile ya uhaba bado anafichaga kila anachokiona. Akakifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nacho kanisani. Mwenzake alipoomba moto wa karabai, akakifungua mbele ya kwaya nzima.

Nilipeleka kingine. Mdudu hakuonekana, na mganga hajui naumwa nini. Jana shangazi alinihamishia chumbani kwake, karibu na choo, naye akaenda kulala kwangu, eti kule kuna upepo mzuri.

Msalimie mama, umwambie asiwe na wasiwasi, niko kwa watu. Kile chumba nilichokuwa nalala hakina dirisha.

Mdogo wako,
Magesa