Hapana niliyoisema bandarini

Fatouma, kifuniko cha sufuria kimegonga kwenye giza, nikafikiri ni bwana yako Zuberi anapiga hodi. Nimeruka! Courant imekatika, nakuandikia kwa mshumaa. Mwanangu Mapenzi atakuletea karatasi hii.

Ni mimi. Wale wageni walioshuka bato kubwa bandarini kukosa kupanda mtumbwi wa Zuberi, ni mimi!

Walikuwa wanachagua pa kwenda kutazama jua likizama: kisiwani na Zuberi, ao kwenye maporomoko ya Wagenia na gari ya hoteli. Nikawaeleza kwa Kifaransa changu cha masomo ya jioni. Kisiwani ndiko kuzuri, nikasema. Walishaanza kuinuka!

Bon, mama mmoja akaniuliza: "Citoyenne, wewe ungempandisha mtoto wako mule mtumbwini?"

Nikasema hapana. Mimi, Fatouma! Hapana, madame. Nilitaka anione mama mwenye akili, si mwanamke wa kuvuka maji na kikapu cha majani ya sombe.

Wote wakaenda Wagenia. Na Zuberi alishapangusa mbao, ametandika kile kitenge chako kipya, safari yake ya kwanza na wageni. Akaniuliza: "Shemeji, wamesema nini?"

"Wamechoka." Ndivyo nilivyomjibu. Wamechoka!

Hapana, madame. Ulimi wangu huu.

Sasa nimejisomea haya kwa sauti, nijue kama nitaweza kuyatuma. Mapenzi amesimama mlangoni anangoja karatasi. Ananitazama, anasema:

"Mama, mutumbwi ya tonton Zuberi tunapandaka kila Jumapili."