Wimbo wa Maziko Siku ya Ubatizo

Kajificheni, Mji Mkongwe
Jumatatu asubuhi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Muheza, goti limepunguza maumivu, na mjukuu wako anawaacha mlale. Mwambie Dada Hilda namwombea apate nguvu upesi baada ya uzazi. Mimi sijambo, na safari hii nikisema sijambo nina maana hiyo hasa. Nyumba iko salama. Jirani yetu Bi Mize huniletea urojo kila akiona sijateleka chungu, na kila akija huniuliza wewe unarudi lini.

Uliniuliza kwa simu kwa nini sijapiga piano kanisani tangu nirudi kutoka Ujerumani, na watu wote wanajua nilikwenda kusomea hiyo hiyo. Nikakujibu kwa mkato kwamba napumzika. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kukaa mbele ya watu. Sababu yake nitakwambia, lakini kwanza sikiliza yaliyotokea jana.

Padri mpya alinibembeleza tangu wiki ya kwanza. Mpigaji wao, Bwana Silvano, amehamia Pemba, na piano imebaki imefunikwa kitambaa. Nikampa udhuru huu na ule: mara piano imeingiwa na chumvi, mara nina mafua. Kisha Agripina wa kwaya akaja nyumbani na mwanawe mchanga, akaniomba nimpigie siku ya ubatizo. Unajua alivyomsubiri mtoto huyo, na maneno aliyoyasikia kwa wakwe. Akasema hataki mwanawe abatizwe kwa makofi tu. Nilishindwa kumnyima.

Unawajua watu wetu. Kitabu kipya cha nyimbo kimekuja zamani, lakini wazee hawajakiacha kile cha kwanza, na namba zake hazilingani. Silvano alikuwa akiwakumbusha namba zote mbili. Jana padri, kwa ugeni wake, alitaja moja tu. Mimi nikafungua kitabu kipya, wimbo wa shukrani, nikaanza utangulizi. Bi Perpetua, ambaye tangu nizaliwe hajawahi kungojea piano, akafungua kitabu chake cha zamani, akaanzisha wimbo wa maziko. Kanisa zima likamfuata. Ukishaanza na Bi Perpetua, unamaliza na Bi Perpetua.

Mama, nilimwona Agripina kamkumbatia mwanawe, kamziba sikio. Nota za wimbo ule sikuwa nazo, na hata ningekuwa nazo zisingenifaa, maana Bi Perpetua aliuanzisha chini kabisa, pale koo lake lilipoamkia. Ikabidi nimtafute kwa sikio. Nilipompata, nikaona siwezi kumwacha mtoto wa watu azikwe siku ya ubatizo wake. Ubeti wa kwanza nilikwenda na Bi Perpetua taratibu. Wa pili nikauchangamsha kwa mkono wa kushoto. Kati ya ubeti na ubeti nikajiendea peke yangu, nikauzungusha wimbo nilivyotaka, kisha nikarudi kuwachukua. Kufika wa tatu akina mama wakaanza kuyumba, na wa mwisho ukaishia kwa vigelegele. Maneno yalikuwa ya kaburini na sauti ilikuwa ya harusini, na Agripina anacheza na mwanawe mikononi.

Tulipotoka nje, Bi Perpetua aliniambia kwamba nilianza kwa kupotea lakini nilitubu mapema, kwa hiyo amenisamehe. Bwana Haroub, yule mpiga kanuni, kinanda cha nyuzi cha taarab, anayeishi nyuma ya kanisa, akanisimamisha uchochoroni kuniuliza tangu lini Wakristo wanapiga taksim. Hivyo ndivyo wanavyoita kwenye taarab, mpigaji anapojiendea mwenyewe kabla ya kurudi kwenye wimbo. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu yakaendelea kutoka, hata Bwana Haroub akaingiwa na hofu akamwita Bi Mize.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Sikuja likizo, mama. Mwaka jana nikipiga ukumbini kule Ujerumani, mikono yangu ilianza kutetemeka katikati ya muziki, ikakataa kuendelea. Madaktari hawakuona ugonjwa. Tangu hapo, kila nikikaa mbele ya watu na karatasi ya nota, huyaona makosa kabla sijayafanya. Nilikuja Unguja kuacha piano, na nilikuwa nakutafutia maneno ya kukwambia. Jana hapakuwa na karatasi, wala mtu aliyejua kipi ni kosa. Nilipokuja kuikumbuka mikono yangu, wimbo umekwisha na yenyewe imetulia tuli. Mungu si Athumani.

Kama itatulia tena ukumbini sijui, na kwa sasa sina haja ya kujua. Nimemwahidi padri nitapiga kila Jumapili. Nimemwomba na yeye aendelee kutaja namba ya kitabu kimoja tu.

Nisalimie wote hapo, kila mmoja kwa jina lake, na mtoto mbusu utosini kwa niaba yangu. Bi Mize anasema usilisingizie goti, boti zipo.

Mwanao akupendaye,
Skolastika