Programu Iliyofunga Harusi ya Zaina

Jumatano, Kilosa. Mvua imekatika asubuhi, jua linachoma tope, na mimi nina hasira.

Niseme jambo ambalo watu wa hapa wanaogopa kulisema: bila mimi, nusu ya ndoa za wilaya hii zingekuwa maneno matupu. Shehe anafungisha, padri anabariki, lakini anayepiga video ni mimi. Kuanzia Chanzuru mpaka Mvumi, bibi harusi hatoki ndani kama hajaambiwa kamera yangu imefika. Kuna mkubwa mmoja wa serikali, simtaji, aliwahi kusimamisha msafara wake ili nimpige upande wake mzuri.

Mtu wa namna hiyo leo kafungiwa kazi na kompyuta.

Ni video ya Zaina, binti wa dada yangu. Aliolewa mwezi uliopita, na mama wa bwana harusi hakuwepo. Anaishi juu kule Vidunda, na mguu wake haumruhusu kushuka mlima. Mwanawe wa pekee kaoa, yeye kasikilizia kwenye simu. Nikaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba Jumamosi hii nitampandishia harusi hadi mlangoni kwake, aione yote kama alikuwepo.

Nimehangaika nayo mpaka macho yakawasha. Nimeweka maua, nimeweka mioyo inayoruka, jina la Zaina linaingia likizunguka. Jana nafungua nimalizie, kompyuta inaniambia muda wa kutumia programu ya kuhariri video umekwisha. Hakuna hodi wala samahani. Kazi yangu naiona ile pale, siwezi kuigusa.

Nyie mliotengeneza kitu hicho, popote mlipo, majembe yenu yavunjike mpini katikati ya msimu. Wali wenu uungue siku ya wageni.

Lakini hao wako mbali. Aliye karibu ni Hashimu, fundi kompyuta wa Mikumi, ndiye aliyeniwekea programu. Leo asubuhi nikawasha pikipiki. Karibu na kuingia Mikumi nikakuta tembo kasimama katikati ya barabara. Akanitazama usoni, akaona nilivyo, akapisha.

Nilikuwa nimeshakata shauri: shikamoo yake siitikii. Hilo si jambo dogo. Mtu mzima akikunyima marahaba, mtaa mzima unajiuliza umefanya nini.

"Shikamoo mjomba."

Nikanyamaza. Akarudia. Mama anayeuza chapati pale mlangoni akaacha kukanda.

"Hee! Huyu mzee leo kameza nini?"

"Nimemeza programu yake," nikasema. "Imekufa."

Hashimu hata haya hana. "Haijafa, mjomba. Ile ni ya majaribio, siku zikiisha inajifunga yenyewe. Si nilikwambia? Ukanijibu wewe hushughuliki na mambo madogo. Na ile kamili inalipiwa kwa kadi ya benki, mimi sina, wewe huna."

"Hata simba wa humu akikurukia ana njaa! Hiyo programu ina njaa gani?"

Watu wakacheka. Nimeamua kwamba walicheka maneno yangu.

Sasa sikiliza. Hashimu anaoa baada ya mfungo, na mpiga video aliyemchagua ni mimi. Nitampiga video kweli. Kanzu itaonekana, koti litaonekana, viatu vitaonekana. Kichwa hakuna. Mwanzo mpaka mwisho, kichwa hakuna. Wajukuu wake watauliza huyo aliyeoa ni nani, na hakuna atakayewajibu.

Kilichonichoma zaidi ni upole wake. Nilipomweleza habari ya yule bibi wa Vidunda, aliomba kamera, akaangalia memori kadi, akasema, "Mbona harusi yote imo humu, mjomba? Mpelekee bibi hivihivi, bila mapambo. Amwone mwanawe anaoa, inatosha."

"Si ndiyo hivyo?" mama chapati akadakia. "Mzazi anataka mioyo ya kuruka ya nini?"

Nikampokonya kamera nikaondoka bila kuaga.

Dada kanipigia sasa hivi. Bibi wa Vidunda keshaalika majirani, na kaazima viti. Kwa hiyo Jumamosi napanda, na programu sina.

Ngoja niandike, maana dada yangu hasomi blogu. Kuna mahali pamoja ile programu ilikuwa imenisaidia kufunika. Shehe anauliza, bwana harusi anavuta pumzi ajibu, na sinia la pilau likawa linapita nyuma yangu. Nikageuka. Kamera nayo ikageuka.

"Nimekubali" ya mwanawe ataisikia vizuri kabisa. Atakachokiona ni mkono wangu unachagua nyama.