Hoda Hatoki Darasa la Kemia

Bula Pesa,
Isiolo.
2 Machi 2026

Mpendwa ndugu yangu Sahal,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itawakuta salama, wewe, mkeo Awo na watoto, na kwamba baridi ya Oslo imepungua. Sisi hatujambo. Mama anafunga ingawa daktari alimkataza, na mgongo wake ni ule ule.

Nimengoja nifuturu kwanza ndipo nishike kalamu, nisije nikaharibu saumu yangu. Nimekukasirikia, Sahal. Sikupigi simu kwa sababu kwa simu utanikatiza. Fardosa anasafiri kuja huko Oslo Alhamisi, atakuletea barua hii mkononi.

Wiki iliyopita mwalimu wa kemia alikupigia wewe, kwa kuwa tangu baba yake Hoda afariki jina lako ndilo lililo kwenye fomu ya shule. Alikwambia binti yangu anafanya mzaha darasani, eti bora atolewe sayansi apelekwe masomo mengine. Ukakubali. Hukuniuliza mimi ninayekaa naye, wala hukumuuliza mtoto. Na unajua anataka kuwa muuguzi, na bila kemia uuguzi hakuna.

Sasa sikia huo mzaha. Mwalimu aliwafundisha kwamba uzito wa atomu ni hesabu ya protoni na nyutroni zilizomo ndani, kisha akaandika ubaoni kuwa klorini ni 35.5. Hoda akauliza nusu imetoka wapi, maana vitu hivyo huhesabiwa vizima. Akaambiwa anakili kama ilivyo kitabuni. Basi akajijibu mwenyewe. Akasema namba ya atomiki ni kama chapa ya ngamia: klorini ina protoni kumi na saba, na zikibadilika hiyo si klorini tena. Uzito ndio hutofautiana. Katika kila atomu nne za klorini, tatu hivi zina 35 na moja ina 37, zote chapa moja, na ile nusu ni wastani wa kundi. Darasa likacheka, mwalimu akadhani anachekwa yeye.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini huu ni mwaka wa ishirini nauza mbuzi sokoni. Mnunuzi akiuliza mbuzi wangu wana kilo ngapi, namwambia thelathini na nusu, na hakuna hata mmoja mwenye kilo hizo. Hoda alinieleza mara moja tu nikikata vitunguu vya sambusa, nikaelewa.

Lakini mwalimu ni mtu baki. Kilichonichoma ni ujumbe uliomwandikia mtoto: "Mambo ya ngamia tuliyaacha kijijini Gotu." Uliyaacha lini? Ngamia watatu wa baba waliuzwa ndipo ukapanda ndege. Kama unawaonea aibu, ona aibu ukiwa kimya, usimfunze mwanangu.

Leo asubuhi nilikwenda shuleni. Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Makandi, alinisikiliza, akasema Hoda hahami bila sahihi ya mzazi, akanipa ile fomu yenye jina lako. Nikakata jina lako nikaandika langu. Sikukuomba ruhusa, kama wewe ulivyokosa kuniomba.

Msalimie Awo, na Hanad umwambie shangazi anamkumbuka. Mama anakuombea kila swala. Sijamwambia lolote, kwa sababu yeye bado anajivunia wewe.

Mungu akuhifadhi, akupe afya na masikio ya kusikiliza.

Dada yako akupendaye hata leo,
Bisharo