Kitabu cha Nyimbo na Chai ya Elie

Jumatatu, 4 Mei
Daftari hili linisamehe. Tangu Pasaka sijaandika neno. Ni uvivu, si jambo jingine.
Sala saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida. Zaburi, wimbo, maungamo, kisha chai. Katika nyumba hii ya mtaa wa Cimpunda hakuna anywaye chai kabla aliyekosa hajaungama. Ni sheria ya marehemu baba. Nimewalea wanangu kwayo. Sasa nawalea wajukuu waniitao koko, babu yao: Neema wa miaka kumi na Elie wa minne. Mama yao anauza mboga sokoni Kavumu. Alinikabidhi niwafunze tabia njema.
Leo kitabu cha nyimbo hakionekani. Neema ndiye hukitunza. Amekana kukipoteza. Hakuna aliyekunywa.

Jumanne, 5 Mei
Bado. Elie amelia. Nimekaza uso.

Jumatano, 6 Mei
Neema ameungama. "Ni miye, koko. Nilikipoteza ku njia." Nimemsifu mbele ya wote, nikamwombea. Tumekunywa chai. Yeye hakumaliza kikombe chake.

Jumamosi, 9 Mei
Mazishi ya jirani. Nimevaa koti nililolivaa Jumapili iliyopita katika mazishi kisiwani Idjwi. Kitabu cha nyimbo kimo mfukoni; nilikiweka mwenyewe, nikasahau.
Aibu. Nimemwita Neema, nikamwuliza kwa nini alijisingizia.
"Elie alikuwa analia juu ya njala, koko."
Kisha akasema, bila hasira, kwamba anataka kurudi kwa mama yake.
Nimemfundisha mtoto kusema uongo mbele za Mungu ili mdogo wake anywe chai. Na upendo ule, nani alimfundisha? Ningependa kusema ni mimi. Siwezi.

Jumapili, 10 Mei
Nimeungama kwenye sala, nimepiga magoti. Nikatangaza: kuanzia kesho watoto watakunywa chai kwanza.
Mke wangu akapiga makofi. "Eh, muzee! Kumbe ni weye ulitufungisha siku mbili!"
Wamecheka wote, hata Neema. Kisha akanimiminia chai, akaipuliza kwanza, kama amfanyiavyo Elie.
Mama yao atakuja Alhamisi. Nimemwachia Neema achague: kubaki au kwenda. Sitambembeleza. Nampenda, sijawahi kumwambia. Leo nimemwambia.
Mkoba wake uko karibu na mlango, bado mtupu. Akishaamua, nitaandika.